Upana wa tairi si dawa ya theluji

Wiki mbili zilizopita mzee mmoja wa Tabata aliniandikia barua yenye swali ambalo kwanza nililichukulia kama utani. Kijana wake amehamia Marekani, katika jimbo la Minnesota, na amemtumia picha ya gari alilonunua. Ni pikapu inayovuta kwa magurudumu yote manne, tairi zake pana, meno makubwa, imesimama juu ya theluji kama simba juu ya kichuguu. Majirani wote wameisifu picha hiyo. Mzee peke yake hana raha, naye anauliza: je, mwanangu atakuwa salama wakati wa baridi?

Swali hilo si la utani hata kidogo. Mimi mwenyewe nimewahi kukaa ndani ya gari la namna hiyo, katika jimbo hilohilo, likiserereka kuelekea kwenye makutano ya barabara huku breki zimekanyagwa hadi mwisho na nyuma wamekaa watoto wawili.

Ilikuwa Januari 2023. Nilikwenda kumtembelea mdogo wangu wa kike, ambaye yeye na mumewe wanaishi karibu na jiji la Minneapolis. Shemeji alinipokea uwanja wa ndege na pikapu yake mpya. Gari lilitoka kiwandani na tairi za upana wa milimita 265. Yeye akazitoa, akaweka za 285, za ile aina inayoitwa ol-tereni, yaani tairi za kila ardhi: lami, changarawe, mchanga na matope. Ubavuni zilikuwa na herufi M na S, kifupi cha matope na theluji kwa Kiingereza. Shemeji akaipiga moja teke, akasema, "Shem, huku bila chuma kama hiki huishi." Nami mgeni, meno yanagongana kwa baridi, nibishane vipi?

Jumamosi tukaenda Duluth, mji ulio kama kilomita 250 kaskazini, ukingoni mwa Ziwa Superior. Njia kuu ilikuwa imekwisha kuparuliwa theluji na kumwagiwa chumvi, tukaenda vizuri. Lakini Duluth ni mji wa kilimani, na barabara zake nyingi zinashuka moja kwa moja kuelekea ziwani. Tukaingia mojawapo. Theluji ilikuwa imekanyagwa na magari mpaka ikang'aa kama sahani. Taa mbele yetu ikawa nyekundu. Shemeji akakanyaga breki mapema kabisa, tena kwa mwendo wa pole. Gari likatikisika, breki zikakoroma, na chuma kile kikaendelea kushuka taratibu kana kwamba hakuna aliyekigusa. Tulipita taa nyekundu, tukaegemea tuta la theluji upande wa pili. Mungu alisaidia, hapakuwa na gari lililokuwa likikatiza. Dada yangu alikuwa amewakumbatia watoto, hasemi kitu.

Sasa sikilizeni kilichonitia fikra. Nyuma yetu alikuwa akishuka bibi mmoja mzee katika kigari kidogo cha kuvuta magurudumu mawili tu, tairi zake nyembamba ukilinganisha na zetu. Alikanyaga breki, akasimama penye mstari, akasubiri taa.

Bibi yule alikuwa na nini ambacho sisi hatukuwa nacho? Niliuliza kwa mafundi wa matairi, nikasoma, na baadaye shemeji mwenyewe akageuka kuwa mwalimu wangu.

La kwanza ni mpira wenyewe. Tairi si kitu kimoja kama tunavyodhani. Kila moja hupikwa kwa mchanganyiko wake. Mpira wa tairi la kawaida huanza kukakamaa joto linaposhuka chini ya nyuzi 7 hivi, na kadiri baridi inavyozidi ndivyo unavyozidi kuwa mgumu. Tairi gumu haliumi barabara, hupita juu yake tu. Tairi la baridi hutengenezwa kwa mchanganyiko unaobaki laini hata kukiwa na nyuzi 20 chini ya sifuri. Tairi nyingi za ol-tereni hutengenezwa zisichanike kwenye mawe na zidumu kwa maelfu ya kilomita, hivyo mpira wake ni mgumu tangu siku ya kwanza. Ugumu ambao ni sifa kwenye mawe huwa ni kasoro kwenye barafu.

La pili ni sura ya meno. Hapa ndipo macho yanapotudanganya, maana tunadhani meno makubwa yenye nafasi pana ndiyo yanayoshika. Kwenye matope ni kweli: nafasi zile hutapika udongo ili jino lipate kuuma upya. Theluji ina tabia nyingine. Theluji hushikana na theluji, ndiyo maana watoto wa huko huifinyanga mipira ya kurushiana. Kwa hiyo tairi la baridi hutakiwa kuibakiza theluji kidogo katika mifereji yake, ishikane na ile iliyo barabarani. Juu ya hayo, kila jino la tairi hilo limechanjwa mikato mingi myembamba kama ya wembe. Mikato hiyo hufunguka gari linapokaza breki, na kila ukingo wake hukwaruza barafu na kufyonza ule utando wa maji unaoleta utelezi. Kwa kweli barafu iliyo karibu na kuyeyuka huteleza zaidi kuliko ile ya baridi kali. Tairi la shemeji lilikuwa na meno ya kutisha, lakini mikato hiyo ilikuwa ya kuhesabika.

La tatu ni upana, na hapa naomba mnivumilie kwa hesabu kidogo. Chukua gari la tani 2 na nusu hivi. Kila gurudumu hubeba kama kilo 600. Ukijaza upepo wa 35, kila sentimita ya mraba ya tairi iliyogusa ardhi inabeba karibu kilo 2 na nusu. Maana yake gurudumu zima linakanyaga eneo la sentimita za mraba 240 hivi, dogo kuliko nusu ya karatasi ya kupigia chapa. Ukiweka tairi pana zaidi, upepo ukabaki uleule 35, eneo hilo halibadiliki sana. Hubadilika umbo tu: badala ya alama ndefu nyembamba, unapata alama fupi pana. Hesabu hii si ya kupimwa kwa mizani ya dhahabu, kwa sababu ubavu wa tairi nao hubeba uzito kidogo, lakini inatosha kuonyesha kwamba anayenunua upana hajanunua mshiko.

Alama fupi pana ina taabu yake. Theluji ikiwa ni ya vidole vichache juu ya lami, tairi jembamba huikata kama kisu na kuifikia lami. Lile pana lina kazi ya kulima njia pana zaidi, na mara hupanda juu ya theluji badala ya kuipasua. Mbaya zaidi ni pale theluji inapoanza kuyeyuka ikawa uji mzito barabarani. Tairi pana likienda kasi kwenye uji huo huelea, usukani ukawa mwepesi ghafla mkononi mwa dereva, na hapo gari linakwenda linakotaka lenyewe.

Je, ina maana tairi pana halina kazi kwenye theluji? La hasha. Nenda Iceland. Wenyeji wa kisiwa kile hupanda juu ya mito mikubwa ya barafu kama Langjökull na Vatnajökull kwa magari yenye tairi za inchi 38 kwenda juu, pana kama mapipa. Mwaka 2007 kipindi cha magari cha BBC, Top Gear, kilikwenda kwa Toyota Hilux hadi mahali ilipokuwa imepimwa ncha ya sumaku ya kaskazini mwaka 1996, na magari hayo yalikuwa yametayarishwa na kampuni ya Arctic Trucks ya hukohuko Iceland. Ila siri yao haipo katika upana peke yake. Wao hupunguza upepo mpaka chini ya 5, tairi likalala kama chapati na kukanyaga eneo kubwa mara kadhaa. Theluji ya huko ina kina kirefu, hakuna lami ya kuitafuta chini yake, kwa hiyo njia iliyobaki ni kuelea juu. Ukifanya hivyo kwenye njia kuu ya Minnesota, tairi litachemka na kupasuka kabla hujafika mbali.

Hapo ndipo lilipo kosa la shemeji, na pengine la kijana wa mzee wa Tabata. Alinunua tairi la kwenda mlimani Iceland, akalitumia kwenda kazini na kuwapeleka watoto shule katika barabara iliyoparuliwa.

Na kuvuta kwa magurudumu manne je? Huko ni kuondoka. Gari la namna hiyo huondoka kwenye theluji wakati wengine wanazungusha tairi bure, na hilo humpa dereva kiburi kibaya sana. Kusimama ni habari nyingine, maana kila gari lina breki kwenye magurudumu manne, liwe pikapu au kigari cha bibi. Pikapu ina uzito zaidi wa kusimamisha.

Basi mnunuzi atazame nini? Zile herufi M na S zinahusu sura ya meno tu. Mtengenezaji huziweka bila tairi kupimwa kwenye theluji. Alama ya kutafuta ni mchoro wa mlima wenye vilele vitatu, ndani yake chembe ya theluji. Tairi lenye mchoro huo limejaribiwa likafaulu kwenye theluji iliyoshindiliwa, ingawa jaribio hilo halipimi breki kwenye barafu. Ujerumani, tangu Oktoba 2024, haikubali tena M na S pekee kuwa tairi la baridi. Inataka mchoro wa mlima. Minnesota haimlazimishi mtu, kila mmoja na akili yake. Siku hizi zipo hata ol-tereni zenye mchoro huo, nazo ni nafuu kwa anayeishi shamba, lakini kwenye barafu tairi halisi la baridi bado linazishinda.

Shemeji alinunua seti ya pili, 245/75 za ringi ya inchi 17. Ni nyembamba, ila urefu wake wa kwenda juu unakaribia sana ule wa 265/70 zilizotoka kiwandani, kwa hiyo hata kipima mwendo hakidanganyi. Aliumia mfukoni, nami nilimsikia akigombana na risiti. Lakini seti mbili zikipokezana, kila moja hupumzika nusu mwaka.

Msije mkadhani mambo haya ni ya huko mbali tu. Magari mengi ya mtumba kutoka Japani hushuka bandarini Dar es Salaam yakiwa bado na tairi za baridi. Tazama ubavuni, ukikuta neno STUDLESS ujue ndizo. Muuzaji atakuambia meno bado yamejaa, na ni kweli. Lakini mpira uliopikwa kwa ajili ya theluji ya Hokkaido, ukiuweka kwenye lami ya Morogoro saa saba mchana, huwa laini kupita kiasi. Gari hutikisika kwenye kona, huchelewa kusimama, hasa lami ikiwa imelowa, na tairi huisha upesi kama kifutio. Tazama pia tarakimu nne za tarehe: 2316, kwa mfano, ni wiki ya 23 ya mwaka 2016, na tairi la umri huo ni zee hata likiwa na meno yote kinywani.

Sasa mzee wangu wa Tabata, jibu lako ni hili. Mpigie kijana simu kabla ya Novemba. Usimuulize tairi zina upana gani. Mwambie ainame ubavuni atafute mlima wenye vilele vitatu, kisha akupigie picha hiyo. Asipouona, aanze kudunduliza. Na mpaka atakapozipata, theluji ikianguka apande basi.

Kwa leo muda wangu umekwisha. Barua zenu kuhusu nauli za daladala nimezipata, ni gunia zima, nazo tutazifungua wiki ijayo majaliwa.