UNALALA JUU YA BETRI GANI WEWE?

KUNA mtindo umeingia mjini na mimi naupenda, sitaki kudanganya. Vijana wanachukua HiAce au Noah, wanang'oa viti vya nyuma, wanapiga kitanda cha mbao, pazia, friji ndogo na taa za rangi rangi, halafu hao! Ijumaa jioni wameshaipita Kibaha wanaitafuta Mikumi. Wengine Pangani, wengine wanaishia Kigamboni tu ufukweni. Gesti hawaitaki, hoteli za kitalii hawana ubavu nazo. Wanalala ndani ya gari, vinywaji baridi, muziki chini chini. Nani asiyetaka raha?

Jambo lenyewe si geni duniani. Kule Ujerumani kampuni ya Westfalia ilianza kugeuza basi dogo la Volkswagen kuwa gari la kulala mwaka 1951. Japani, zinakotoka HiAce zetu, magari ya namna hiyo yapo tele. Na ukifika Arusha utakuta Land Cruiser zenye hema juu ya paa na friji nyuma, zinakodishwa kwa wageni wanaotaka kujiendesha wenyewe porini.

Sasa mimi nina swali moja tu, msomaji wangu. Hicho kitanda ulichopiga, chini yake kuna nini? Kuna betri. Na siku hizi kila fundi waya atakuambia, "Mchizi wangu, weka lithiamu, mambo yote lithiamu." Sawa, nakubali. Lakini lithiamu ipi? Hapo ndipo kasheshe inapoanzia.

N70 HAINA UBAVU HUO

Kwanza tupige hesabu, maana wengi wanaruka hesabu wanakimbilia dukani. Friji ndogo ya volti 12 inakula kama wati 45 ikiwa inafanya kazi. Kwa joto letu hili, ifanye kazi nusu ya siku: wati 45 mara saa 12, unapata 540. Feni ya wati 20 usiku kucha, saa nane, ni 160. Taa, simu mbili na spika, weka 100. Jumla ni 800 kwa siku moja, na hapo hujaalika washikaji.

Betri ya kawaida ya risasi, hii N70 unayoijua, ni volti 12 mara ampea-saa 70, yaani 840. Ukiiangalia unasema, "Ah, inatosha." Haitoshi! Betri ya risasi ukiishusha chini ya nusu mara kwa mara unaiua. Kwa hiyo umebaki na 420. Saa sita za usiku friji kimya, samaki wanaanza kunuka, na shemeji yetu ameanza kununa. Tena N70 imetengenezwa kuwasha injini, kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache kisha ijazwe tena. Kazi ya kuhudumia friji usiku mzima si yake.

Lithiamu ya ampea-saa 100 ina volti 12.8, maana yake ni 1,280. Na hii unaweza kuila asilimia 80 hata 90 bila kuiumiza, ukapata 1,000 na ushee. Uzito wake ni kama kilo 12 tu, wakati ya risasi ya ampea-saa hizo hizo inakaribia kilo 30. Kuhusu umri, ya risasi ukiishusha nusu kila siku, inaweza kukuaga baada ya mara mia nne au mia tano. Lithiamu nzuri inapita mara 2,000. Bei yake inauma, ndiyo, tena inauma sana. Lakini piga hesabu ya N70 ngapi utazitupa katika miaka hiyo yote.

LITHIAMU NAZO ZINA UKOO

Hapa naomba utulie. Neno lithiamu ni kama jina la ukoo. Ndani yake kuna watoto wapole na watoto watukutu.

Betri za lithiamu ziliingia sokoni mwaka 1991 kupitia kampuni ya Sony, kwa ajili ya vifaa vidogo vya kushika mkononi. Jamii ile, ambayo leo imo kwenye simu na kompyuta za mapajani, hubeba nguvu nyingi mahali padogo. Ubaya wake ni kwamba ikipata joto kupita kiasi, inatoa oksijeni kutoka ndani yake yenyewe, na moto unajilisha. Kuuzima ni kazi pevu.

Baadaye, mwaka 1997, mzee John Goodenough na wenzake wa Chuo Kikuu cha Texas, Marekani, walichapisha utafiti wa aina nyingine inayotumia chuma na fosfeti. (Mzee huyu alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2019 akiwa na miaka 97, kwa hiyo wewe unayesema umechelewa maishani, pole.) Aina hiyo kwenye maboksi huandikwa LiFePO4 au LFP. Inabeba nguvu kidogo kuliko ndugu zake, lakini ni ngumu zaidi kuwaka. Sisemi haiungui kabisa. Ukiitesa itavimba na kutoa gesi, na gesi hiyo inashika moto. Ila kati ya ndugu wote, huyu ndiye wa kulala naye chumba kimoja.

Nayasema haya kwa sababu nimeyaona. Duka moja hapa mjini nilionyeshwa "lithiamu ya gari" ambayo ilikuwa ni seli za zamani za kompyuta, zimeungwa kwa waya na kuzungushiwa plastiki ya bluu. Bei yake nzuri kweli kweli. Muuzaji ananiambia, "Hii ni ile ile tu kaka, umeme ni umeme." Umeme ni umeme, ni kweli. Lakini kitanda changu mimi sikiweki juu ya kitu kile, labda unipe nyumba ya bure Masaki, na hapo nitalala kwenye nyumba, siyo kwenye gari.

ITAZAME KABLA HUJATOA MAPENE

Ukienda dukani usione haya. Tafuta kwanza yale maandishi ya LiFePO4. Pili, ipime uzito. Ya ampea-saa 100 haiwezi kuwa kilo tano, hata iombewe! Tatu, uliza kama ndani ina BMS. Hiyo ni bodi ya ulinzi inayokata umeme yenyewe ikiwa betri imejaa kupita kiasi, imeisha sana, imepata joto au nyaya zimegusana. Lithiamu isiyo na BMS usiitie ndani ya gari.

Na kuna kipimo cha kijiweni kisichodanganya. Ijaze, halafu iunganishe na balbu mbili za taa za mbele za gari, kila moja wati 55. Jumla ni 110. Betri ya kweli ya ampea-saa 100 itaziwasha kama saa 11 hivi. Zikizimika baada ya saa tano, umeuziwa nusu kwa bei ya nzima. Patana na muuzaji kuhusu kipimo hicho kabla hujalipa. Akikataa, jibu umelipata.

Mwingine atasema, "Nina dada anakuja kutoka Dubai, ataniletea kwenye begi." Weee! Ndege za abiria haziruhusu betri ya lithiamu inayozidi wati-saa 160 kwenye mizigo, na yako ni 1,280. Hiyo inakuja kwa meli. Usimtie dada wa watu matatani uwanja wa ndege.

ALTERNATA INALIA

Umenunua nzuri, hongera. Sasa fundi anataka kuivutia waya moja kwa moja kutoka alternata. Mzuie! Betri ya risasi kadiri inavyojaa ndivyo inavyopunguza kunywa. Lithiamu inakunywa kwa pupa karibu mpaka mwisho. Alternata ya gari dogo haikuumbwa kufanya kazi kwa nguvu zote saa nzima, hasa gari likiwa limesimama linaunguruma, kwa sababu hapo feni yake inazunguka taratibu na joto linapanda. Inaungua, na umekwama porini Mikumi na tembo wanakutazama.

Dawa yake ni chaja ya DC-DC, inayokaa kati ya alternata na betri ya nyuma na kupima kiasi kinachopita. Ya ampea 30, saa tatu za safari zinakaribia kuijaza betri yako. Ukiongeza sola ya wati 200 juu ya paa, siku ya jua kali unarudisha karibu yote uliyokula jana. Lakini kidhibiti cha sola kiwe na mpangilio wa lithiamu.

Fyuzi nayo si pambo. Ikae karibu na ncha ya chanya, isizidi shubiri moja. Inveta ya wati 1,000 inavuta kama ampea 80 hadi 90, kwa hiyo waya wa redio usikaribie pale. Waya mwembamba ndio unaowasha moto, hata kama betri yako ni malaika. Na birika la umeme liache nyumbani, chai chemsha kwa gesi nje ya gari.

Halafu kuna joto. Gari lililofungwa juani Dar linafika nyuzi 50, na betri nyingi za aina hii hazitakiwi kuchajiwa zaidi ya nyuzi 45. Iweke chini, penye kupitisha hewa, mbali na injini. Wenzetu wa Ulaya wana tatizo la upande wa pili: chini ya sifuri kuchaji kunaharibu seli.

Mwisho kabisa, kitanda chako kisizibe mlango. Ukisikia harufu ya ajabu usiku au ukaona betri imevimba, usianze kuitafuta tochi wala kuokoa spika. Amsha mwenzako, fungua mlango, tokeni, simameni mbali. HiAce nyingine zipo bandarini.

Haya, mimi kalamu naiweka chini. Wa Pangani wiki hii, nisalimieni bahari, na mkipata samaki mnajua pa kuniletea... friji yenu si ina umeme?