Nyota Zinazoonekana Kiwalani

Wakazi wengi wa Kiwalani wamekubali kwamba nyota ni mambo ya kijijini. Uwanja wa ndege uko jirani na taa zake, Barabara ya Nyerere haizimi, na kila geti lina taa ya ulinzi inayowaka mpaka asubuhi. Anga limegeuka kijivu chenye wekundu, na mtoto akiuliza habari za nyota huambiwa asubiri likizo aende kwa bibi. Napinga jambo hilo kwa nguvu zote. Mji umetunyang'anya nyota hafifu, tena kwa maelfu, lakini zile ambazo wazee wetu walizitegemea kwa kilimo, safari za baharini na ibada bado zipo juu ya mabati yetu. Walizichagua kwa sababu ya ukali wa mwanga wake, na ukali huohuo ndio unaozipenyeza hadi uani kwetu leo.

Kwanza tujue tumepoteza nini. Ukijumlisha anga lote linaloizunguka dunia, nyota zinazoonekana kwa macho matupu mahali penye giza totoro ni kama 9,000. Nusu yake huwa chini ya upeo wa macho, kwa hiyo mtu wa kijijini huona zisizozidi 4,500 kwa wakati mmoja. Kwenye mtaa unaong'aa, ambako jicho huishia kwenye nyota za daraja la tatu la mwangaza, anga zima lina nyota zisizofika 300, na zilizo juu yetu kwa wakati mmoja hazifiki 150. Njia Nyeupe, ule ukanda wa mwanga unaokatiza anga la mashambani, hapa Kiwalani haupo kabisa, na hakuna ujanja wa macho utakaourudisha.

Wengi hudhani taa za mji huzififisha nyota. Nyota hazijaguswa. Nuru ya taa inayomulika juu hugonga hewa, vumbi, moshi na unyevu wa bahari, kisha hutawanyika na sehemu yake hurudi chini. Hapo anga lenyewe hung'aa, na nyota yenye mwanga mdogo kuliko mng'ao huo humezwa. Nuru ya buluu hutawanyika zaidi kuliko ya njano, na ndiyo maana anga la mchana ni la buluu. Ndiyo maana pia taa nyeupe za LED zilizochukua nafasi ya zile za njano za barabarani zinaweza kulichafua anga zaidi, hata kama zinakula umeme kidogo. Dar es Salaam yenye hewa nzito ya pwani huumia maradufu, hasa miezi ya kaskazi. Kipindi kizuri cha kutazama ni Juni hadi Septemba, mvua za masika zikiwa zimekatika na hewa imepoa.

Mwaka 2023 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Christopher Kyba na wenzake, uliotumia taarifa zaidi ya 51,000 za watu wa kawaida waliotazama nyota kati ya 2011 na 2022. Waliona kwamba mng'ao wa anga uliongezeka kwa wastani wa asilimia 9.6 kila mwaka. Kwa kasi hiyo, anga huongezeka mng'ao maradufu kabla ya mtoto wa darasa la kwanza kumaliza kidato cha pili.

Sasa tutoke uani. Jambo la kwanza ni kuikwepa taa inayokupiga usoni moja kwa moja, kwani hiyo huharibu zaidi kuliko mng'ao wa mji mzima. Simama mahali ambapo ukuta, tangi la maji au mwembe unaikinga taa ya jirani. Kama hapapatikani, jifunike khanga kichwani, uishike pande mbili kama unayejikinga na jua, ukiacha uwazi wa kutazama juu tu. Jicho huhitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na kuangalia simu mara moja kunakurudisha mwanzo. Ukitafuta nyota hafifu, usiikazie macho. Tazama pembeni yake kidogo. Katikati ya jicho ni hodari wa rangi na maandishi, lakini pembeni ndiko kwenye chembe zinazohisi mwanga mdogo.

Kiwalani ina bahati ambayo London na Chicago hazina. Tuko kama nyuzi 7 tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo katika mwaka mmoja karibu anga lote la dunia hupita juu yetu. Katikati ya Mei, kama saa tatu na nusu usiku, geukia kusini: utaona nyota nne za Salibu, zenye umbo la msalaba, zimesimama wima, na kushoto kwake nyota mbili kali zinazoielekea. Iliyo mbali zaidi na Salibu kati ya hizo mbili ni Alfa ya Kantarusi, mfumo wa nyota ulio jirani kuliko yote baada ya Jua letu. Nuru yake inayokuingia jichoni iliondoka huko zaidi ya miaka minne iliyopita. Kisha geuka ukitazama kaskazini. Kama nyumba hazikuzibi, utaziona nyota saba za Dubu Mkubwa zimepinduka juu chini. Mkazi wa London haioni Salibu maisha yake yote akiwa kwao. Wewe unaona vyote viwili usiku mmoja, bila kutoka mtaani.

Januari kama saa nne usiku, au Februari saa mbili, inua uso karibu utosini. Nyota tatu zilizopangana mstari mmoja ni mkanda wa Jabari, kundi la nyota lenye umbo la mtu. Bega lake moja ni jekundu na mguu wa upande wa pili ni mweupe wenye ubuluu, na tofauti hiyo ya rangi huonekana hata Kiwalani. Nyekundu ni nyota yenye uso wa joto pungufu, nyeupe ni ya moto zaidi. Karibu na Jabari inang'aa Shira, nyota kali kuliko zote za usiku, na upande wa kusini yupo Suheli, wa pili kwa ukali. Manahodha wa Bahari ya Hindi waliiweka Suheli kwenye dira yao ya nyota, na Ahmad ibn Majid aliandika habari za elimu hiyo katika karne ya 15. Jahazi lililotoka Oman kuja pwani yetu liliongozwa na nukta ileile unayoiona juu ya paa la jirani.

Kilimia pia kipo, ingawa mjini huonekana kama kijiwingu chenye nyota chache; darubini ya macho mawili hufunua makumi. Wahenga waliposema kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, walikuwa wametazama vizuri. Mwezi wa Mei, masika ikiendelea, Kilimia huzama pamoja na Jua na kupotea. Juni huzuka alfajiri, upande wa mashariki, mvua zikiwa zimeisha.

Kuna utazamaji mwingine wa anga ambao Kiwalani haijauacha kamwe, nao ni wa mwezi mwandamo. Jioni ya tarehe 29 ya Shaabani watu husimama wakitazama magharibi mara baada ya Magharibi, na taa za mji haziwasumbui sana, kwa kuwa saa hiyo anga bado lina nuru ya Jua lenyewe. Kizuizi ni mawingu, ukungu wa vumbi na maghorofa. Karibu na ikweta Mwezi hushuka karibu wima, ndiyo maana hilali yetu mara nyingi hulala kama dau, pembe zikitazama juu. Hilali isiyofikisha saa 15 tangu Mwezi kukutana na Jua ni nadra sana kuonekana kwa macho matupu.

Sayari nazo hazijali taa. Zuhura huonekana hata kabla giza halijaingia. Mshtarii ukiutazama kwa darubini ya macho mawili ya 10x50, viwiko ukiviegemeza ukutani ili mikono isitetemeke, utaona miezi yake minne imejipanga pembeni, ileile aliyoiona Galileo mwaka 1610. Kesho yake itakuwa imehama. Pete za Zohali zinataka darubini ndogo inayokuza mara 30 hivi.

Hapa niseme jambo zito. Zimeenea kalamu za leza za kijani, na vijana hupenda kuonyeshana nyota kwa mwale wake. Kwa mtaa uliopakana na uwanja wa ndege, hilo lisifanyike hata mara moja. Mwale huo huweza kumpofusha rubani kwa sekunde chache wakati wa kutua, na sekunde hizo zinabeba roho za watu. Kidole kinatosha kuonyesha nyota.

Uchafuzi wa mto huweza kuchukua miaka kusafika. Wa nuru huisha taa inapozimwa au kufunikwa. Hakuna anayetaka Kiwalani iwe gizani, maana wanawake wanaorudi kazini usiku wanahitaji kuona njia. Lakini taa inayomulika mawingu haimsaidii mpita njia. Ukienda dukani kununua balbu ya nje, geuza boksi usome namba yenye herufi K: 6500K ni nyeupe-buluu, inayotawanyika zaidi angani, chukua 3000K au pungufu. Fundi akija kuifunga, mwambie aielekeze chini na aivishe kofia ya bati, nuru yote ianguke getini. Kisha mwombe jirani yako naye afanye hivyo.