Chumba kidogo, watoto wengi: Jinsi ya kuchagua vitanda vya wanao

Na MWANDISHI WETU

MZAZI anayeishi mjini hukabiliwa na swali ambalo mababu zetu hawakulazimika kulijibu: watoto wawili, watatu au hata wanne watalala vipi katika chumba kimoja kisichotoshea vitanda viwili vikubwa?

Mashambani, mvulana alipobaleghe alijengewa nyumba yake. Miongoni mwa Waluo, kwa mfano, nyumba hiyo huitwa simba. Katika nyumba za kupanga za Nairobi, Mombasa, Kisumu au Nakuru, hakuna uwanja wa kujenga simba. Chumba ni kile kile, kodi hupanda, nao watoto hurefuka kila uchao.

Aghalabu wazazi hununua kitanda kwa kutazama bei na rangi pekee. Ilhali kitanda kisichofaa humnyima mtoto usingizi, na pengine humvunja mkono.

Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linapendekeza kwamba watoto wa miaka 3 na 4 walale jumla ya saa 10 hadi 13 kila siku. Wataalamu wa usingizi nchini Marekani nao hupendekeza saa 9 hadi 12 kwa watoto wa miaka 6 hadi 12. Mtoto anayepigwa mateke na nduguye usiku kucha hawezi kuzipata saa hizo, na mwalimu ndiye atakayemkuta akisinzia darasani.

Pima kwanza, nunua baadaye

Jambo la kwanza ni kuchukua utepe na kupima chumba. Magodoro mengi yanayouzwa nchini huwa na urefu wa futi 6, na upana wa futi 2.5, 3, 3.5, 4 au zaidi. Chukulia kwamba chumba cha watoto ni cha futi 10 kwa 8, yaani futi 80 za mraba. Vitanda viwili vya futi 3 kwa 6 vitachukua futi 36 za mraba hata kabla ya kuhesabu unene wa mbao.

Kitanda cha ghorofa, ambacho wengi hukiita dabodeka, kitachukua futi 18 pekee. Nafasi inayosalia itatosha kabati, meza ya kufanyia kazi ya shule na mahali pa kupita.

Hata hivyo, usipime sakafu ukasahau dari. Ikiwa dari iko futi 8 juu, hizo ni inchi 96. Uso wa godoro la juu ukiwa inchi 60 kutoka sakafuni, zitasalia inchi 36, ambazo zinamtosha mtoto kuketi bila kugonga kichwa. Nafasi hiyo ikipungua chini ya inchi 30, mtoto atalazimika kutambaa kila anapopanda kulala.

Tahadhari pia na panka la dari, hasa katika nyumba za Pwani. Kitanda cha ghorofa hakipaswi kabisa kuwekwa mahali ambapo mkono wa mtoto aliye juu unaweza kufikia mapanga yake. Hali kadhalika balbu na nyaya za umeme. Katika nyumba za mabati zisizo na dari, anayelala juu huwa karibu mno na joto la paa, hasa saa za mwanzo za usiku.

Umri ndio mwamuzi

Kitanda cha ghorofa kina manufaa mengi lakini hakimfai kila mtoto. Wataalamu wa afya ya watoto hushauri kwamba aliye chini ya umri wa miaka 6 asilale juu. Hata kama analilia nafasi hiyo kwa kuwa kaka yake yuko huko, mzazi hana budi kukataa.

Mtoto mwenye kifafa, anayetembea usingizini au anayekojoa kitandani pia anafaa kulala chini, hata akiwa na miaka 10.

Kagua ukingo wa kitanda cha juu kwa makini. Kanuni za Marekani zilizoanza kutumika mwaka 2000 zinataka ukingo uwe pande zote mbili, hata ule unaoelekea ukutani, kwa sababu mtoto anaweza kuteleza na kukwama kati ya kitanda na ukuta. Ukingo huo unapaswa kuinuka angalau inchi 5 juu ya uso wa godoro. Nafasi kati ya vipande vyake isizidi inchi 3.5, ili mwili wa mtoto usipenye huku kichwa kikibaki kimenaswa.

Hapa ndipo wengi hukosea. Fundi anaweza kuweka ukingo wa inchi 11 kutoka kwenye chaga. Ukiweka godoro la inchi 6, utabaki na inchi 5 za kumkinga mtoto. Ukiweka la inchi 8 kwa kudhani unamfadhili, utabaki na inchi 3 tu, na mtoto anayejigeuzageuza usiku ataanguka. Kwa hivyo godoro la juu lisiwe nene kupita kiasi.

Ngazi nayo iwe imefungwa imara kitandani, si ya kuegemezwa. Vipago vyake viwe bapa badala ya vyuma vyembamba vinavyoumiza nyayo. Wakataze watoto kuruka juu ya kitanda au kufunga kamba, leso au mikanda kwenye ukingo, kwani vitu hivyo vinaweza kumnyonga mtoto.

Mtoto mchanga asilazwe kitanda kimoja na ndugu zake. Anafaa kulala chumbani mwa wazazi kwa angalau miezi 6 ya kwanza, kwenye kitanda chake, chali, juu ya godoro gumu kiasi lisilo na mto wala midoli. Nafasi kati ya fito za kitanda chake isizidi sentimita 6. Vile vitanda vya watoto wachanga vyenye ubavu unaoteremshwa vilipigwa marufuku Marekani mwaka 2011 baada ya kuhusishwa na vifo. Ukikutana na cha aina hiyo miongoni mwa bidhaa za mitumba, kiache hapo hapo.

Si dabodeka pekee

Watoto wakiwa wadogo mno kulala juu, zingatia kitanda cha kuvuta. Hiki ni kitanda cha kawaida chenye kingine kifupi cha magurudumu mvunguni. Mchana husukumwa ndani, na usiku huvutwa nje. Lakini hakikisha kuna sakafu tupu ya kutosha kukivuta.

Wahenga walinena kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Iwapo huna haja ya kitanda cha pili, mvungu unaweza kutiwa droo za kuwekea nguo, viatu na vitabu, na hivyo kukuepusha na gharama ya kabati.

Kuna pia mtindo wa zamani wa kuwalaza watoto wawili mzungu wa nne, mmoja akielekeza kichwa mchagoni na mwenzake miguuni. Mtindo huu unafaa wakiwa wadogo na godoro likiwa la futi 4 kwa upana. Wakirefuka, miguu ya mmoja hufika usoni pa mwenzake, na ugomvi ndio huanza.

Mbao au chuma?

Mafundi wa jua kali, wawe wa Gikomba au wa kando ya Barabara ya Ngong jijini Nairobi, hukutengenezea kitanda kwa vipimo utakavyo. Mbao za msaiprasi hupendwa kwa kuwa bei yake ni nafuu kuliko ya mkangazi. Kasoro huwa katika kukauka. Mbao mbichi hupinda baada ya miezi michache, skrubu zikalegea na kitanda kikaanza kulia. Inua ubao mmoja: ukiwa mzito isivyo kawaida na baridi mkononi, huenda bado una maji.

Mwombe fundi aunganishe matendegu na mifumbati kwa bolti na nati badala ya misumari. Bolti hukazwa zikilegea, na siku ya kuhama kitanda hufunguliwa kikapita kwenye ngazi nyembamba za ploti. Chaga ziwe nene, zilizokaribiana na zilizofungwa kwa skrubu, maana zikiteleza, aliye juu humwangukia aliye chini.

Vitanda vya chuma havina nyufa nyingi za kuficha kunguni kama vya mbao. Hata hivyo, ncha za mabomba ziwe zimezibwa, na mahali palipochomelewa pawe pamelainishwa ili pasikwaruze ngozi. Kitanda cha mitumba, kiwe cha aina gani, kikaguliwe kila pembe kabla ya kuingizwa nyumbani.

Neti, moto na heshima

Katika maeneo ya Pwani na Ziwa Victoria ambako malaria imekithiri, kila mtoto anahitaji neti. Neti ya aliye juu huning'inizwa darini, na ya aliye chini hufungwa kwenye fremu ya kitanda cha juu. Zote zichomekwe chini ya godoro, na zisigusane na ngozi, kwani mbu huweza kuuma kupitia matundu.

Kuhusu moto, mwongozo wa usalama shuleni uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008 unataka nafasi ya angalau mita 1.2 kati ya vitanda vya bwenini. Tulikumbushwa umuhimu wa usalama huo Septemba 2024, wakati wanafunzi 21 walipofariki katika mkasa wa moto wa shule ya Hillside Endarasha, kaunti ya Nyeri. Nyumbani huenda usiipate mita hiyo, lakini mlango usizibwe na kitanda kamwe, hasa ikiwa madirisha yana vyuma. Mshumaa, koroboi na jiko la makaa visiwe katika chumba wanamolala watoto. Jiko hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini.

Jambo la mwisho ni heshima. Mafundisho ya Kiislamu yanahimiza watoto watenganishwe malazi wafikapo miaka 10, na wazazi wa dini nyingine pia huona haja hiyo watoto wanapokaribia kubaleghe. Palipo na chumba kimoja, pazia zito lililofungwa kuzunguka kila ghorofa ya kitanda humpa mtoto mahali pa kubadilishia nguo na kupumzika bila kutazamwa.

Na iwapo pesa hazitoshi, usikimbilie dabodeka hafifu. Godoro zuri sakafuni, lililotandikiwa mkeka na kuanikwa juani mara kwa mara ili lisiote ukungu, ni salama kuliko kitanda kinachoyumba. Siku utakapokipata kitanda, kisukume kwa mikono miwili kabla ya kulipa. Kikiyumba dukani kikiwa kitupu, kitayumba zaidi watoto watakapokipanda.