Vituko vya mbwa: vipi ni vya kawaida, vipi ni vya hatari?

Mzazi mmoja wa Ukunda alinijia kliniki na mwanawe wa miaka saba. Mtoto alikuwa mzima. Shida ni mbwa wao, aliyeanza kujikokota makalio sakafuni, na jirani akasema hicho ndicho kichaa cha mbwa.

Nilimtuliza. Mbwa wa namna hiyo aghalabu huwashwa. Kando ya tundu la haja kubwa ana vifuko viwili vya majimaji yenye harufu, na vikiziba humsumbua. Pengine ni tegu, ambao vipande vyao huonekana manyoyani kama punje za mchele. Daktari wa mifugo hulimaliza jambo hilo.

Vituko vingine navyo vina sababu zake. Mbwa huzunguka mara mbili tatu kabla ya kulala, na wataalamu hudhani ni urithi wa mababu zake wa porini waliokanyaga nyasi kutengeneza malazi. Hutoa ulimi akahema kwa kuwa hatoki jasho mwilini kama sisi, ila kwenye nyayo tu. Hula majani, na si lazima awe anaumwa tumbo.

Kuna kimoja kinachotuhusu sana sisi wa Diani. Jua likiwaka, mbwa huchimba mchanga chini ya mivinje apate ubaridi, na karibu na hapo hujisaidia. Mayai ya safura ya mbwa huanguliwa kwenye mchanga wenye unyevu na kivuli, kisha viluwiluwi hupenya ngozi ya mtu anayetembea miguu mitupu au aliyeketi hapo. Baada ya siku kadhaa huona mstari mwekundu uliojipinda, ukisonga kidogo kidogo, na mwasho unaomnyima usingizi. Wako wanaopaka mafuta ya taa. Hasha! Tiba ni vidonge vya albendazoli au ivamektini, kwa maagizo ya daktari. Ukitaka kuketi ufukweni, chagua mchanga unaooshwa na maji yakijaa.

Sasa nije kwenye hofu ya mzazi yule. Kichaa cha mbwa kilithibitishwa nchini Kenya mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa aliyekuwa pembezoni mwa Nairobi, na hadi leo kinaua. Dalili yake si kituko fulani, bali ni tabia kubadilika. Mbwa mpole huuma hata mawe na vijiti. Mkali hunywea akajificha gizani. Sauti ya kubweka hugeuka, mate humtiririka, taya hulegea. Hilo la taya ndilo ninaloliogopa zaidi, kwa maana mwenye mbwa hudhani mfupa umemkwama kooni, akamtia mkono kinywani. Virusi vimo ndani ya mate, na mkwaruzo mdogo wavitosha.

Tena husemwa kwamba mbwa mwenye kichaa huogopa maji. Si kweli. Aogopaye maji ni binadamu aliyekwisha kuugua. Mbwa aweza kuoga baharini naye ni mgonjwa.

Ukiumwa, au ukilambwa penye jeraha, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili. Udongo wa kutoharishia vyombo usitiwe kwenye kidonda kibichi, wala pilipili, wala majivu. Nenda hospitali siku hiyo hiyo ukaanze chanjo, na umalize sindano zote. Mbwa akipatikana, afungwe na kuangaliwa kwa siku 10, lakini wewe usingoje siku hizo ziishe. Kwa kawaida ugonjwa hujitokeza baada ya mwezi mmoja hadi mitatu, na ukishajitokeza, ni nadra mno mtu kupona.

Nilimwuliza mzazi yule mbwa wao alichanjwa lini. Alinyamaza. Mtoto ndiye aliyejibu: "Hajachanjwa, daktari. Huyu ni wa nyumbani tu, hatoki."

Nikauliza, na paka wa jirani, na mbwa koko wanaoruka ua usiku? Siku ya pili walimpeleka akachanjwa.