Picha za Wenyewe, Sauti za Kwetu

Mteja wa kibanda umiza, awe Ngamiani mjini Tanga au kule Pangani, halipii picha peke yake. Jackie Chan atarusha mateke, lakini anayemfanya aeleweke ni DJ: mtu mmoja anayeigiza sauti za wote, kuanzia mkuu wa genge hadi bibi kizee, huku akichomekea utani wake.

Gwiji wa kazi hiyo Tanzania ni Derek Mukandala, maarufu kama Lufufu, ambaye hata Titanic aliigeuza mkanda wa Kiswahili. Kenya wanaye DJ Afro. Mtaji wao mkubwa ni ulimi.

Haim Saban alifanya biashara ya ukoo huohuo huko Marekani, ila yeye alitanguliza mkataba. Mwaka 1992 kampuni ya Toei ya Japani ilitengeneza Zyuranger, tamthilia ya mashujaa wenye mavazi ya rangi wanaopambana na madubwana. Saban alinunua haki, akabakiza mapigano na kuziondoa nyuso. Kofia za mashujaa hao hufunika uso mzima, kwa hiyo ilitosha kuwapiga picha vijana wa Kimarekani wakiwa shuleni, kisha kuunganisha. Power Rangers ikaingia hewani Agosti 1993, sehemu yake ya gharama kubwa ikiwa imeshafanyika Japani. Kiraka kinaonekana ukikodoa macho: shujaa wa njano ni msichana kwa Wamarekani, lakini kwa Wajapani ni mwanamume, ndiyo maana hana sketi kama mwenzake wa waridi. Watoto hawakujali. Mwaka 2018 kampuni ya midoli ya Hasbro ilikubali kuinunua chapa hiyo, pamoja na mali nyingine za Saban, kwa dola milioni 522.

DJ wa kibandani hana cha kuuza namna hiyo. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Tanzania ya 1999, kazi isiyo na kibali cha mwenye filamu haiwezi kupelekwa televisheni kihalali. Na ikinakiliwa mtaani, atamshtaki nani?

Waliopita mlango wa televisheni ni wengine. Mwaka 2011 TBC ilionyesha tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake, kwa Kiswahili. Azam TV ikafuata na Sultan ya Waturuki. Mwaka 2016 StarTimes ilishindanisha sauti nchini, na washindi wakapelekwa Beijing kuingiza sauti za Kiswahili kwenye filamu na tamthilia. Vijana wa Tanga wenye ulimi wa kibandani wausake usaili wa aina hiyo.