Meza ya jikoni ikigeuka nyeusi: kabla kamati haijaomba fedha za meza mpya

Mama yeyote wa Nyakahanga anayeketi kumenya ndizi za kupika hupaka kwanza mafuta mikononi. Anajua kwamba asipofanya hivyo utomvu utamganda vidoleni, utageuka mweusi, na sabuni haitautoa kwa siku mbili tatu. Lakini ndizi hizo hizo akishazimenya huziweka juu ya meza ya mbao ambayo hakuna aliyeipaka kitu chochote tangu itoke kwa seremala. Miaka michache baadaye kamati inakaa kikao, mjumbe mmoja anasimama na kusema kwamba meza ya jiko imeoza na wageni wa semina wanaona aibu, na kikao kinaandika barua ya kuomba fedha.

Katika makala hii tunapenda kuwaeleza wajumbe wa kamati za sharika na parokia, pamoja na wafadhili wanaopokea barua za namna hiyo, kwamba meza nyingi za jinsi hii hazijaoza. Zimetiwa rangi. Meza iliyotiwa rangi hutengenezwa kwa msasa, ndimu na mafuta, kwa gharama ndogo sana ukilinganisha na mbao mpya za mvule.

WEUSI UNATOKA WAPI

Utomvu wa ndizi una tanini. Hicho ndicho kitu kinacholeta ukakasi ulimini ukionja ndizi mbichi au chai iliyokolea mno. Utomvu wenyewe ukipigwa na hewa hugeuka kahawia. Tanini ikikutana na chuma penye unyevu, hutokea rangi nyeusi ya samawati ambayo haitoki kwa maji wala sabuni. Huko Ulaya watu walitengeneza wino kwa njia hiyo kwa karne nyingi, wakichanganya tanini ya miti na chumvi ya chuma, na maandishi yao yanasomeka hadi leo. Sisi wa Karagwe, ambao watawala wetu wa zamani kule Bweranyange walitunza vitu vya chuma kama alama za ufalme, tusishangae kuona chuma kina nguvu hata mezani.

Mbao zenyewe nazo zina tanini, zingine nyingi na zingine kidogo. Kwa hiyo doa jeusi linaweza kutokea hata pale ambapo ndizi haijawahi kuwekwa.

Na chuma kinatoka wapi? Kisu cha chuma cha kawaida kilichoachwa kikiwa kimelowa usiku kucha huacha umbo lake mezani. Kopo la bati lililoanza kutu huacha duara. Kikaango cha chuma ni hivyo hivyo. Sufuria za alumini hazileti weusi huu. Mkosaji mkubwa kuliko wote, kwa maoni yetu, ni yule anayetumwa kusafisha: stili waya ya kusugulia masufuria. Ukiisugua juu ya mbao inakatika vipande vidogo visivyoonekana, vinaingia katikati ya nyuzi za mti, vinashika kutu, na baada ya wiki moja meza iliyosafishwa kwa bidii inakuwa na madoa zaidi ya ile iliyoachwa. Mpishi analaumiwa kwa uchafu, naye amesugua mpaka mikono imemuuma.

Majivu na magadi nayo yana lawama yake. Ni vizuri kwa masufuria, na magadi tunayatumia kulainisha maharage, lakini yakimwagika juu ya mbao zenye tanini nyingi huzifanya ziwe nyeusi zaidi.

PIMA KWA NCHA YA KISU

Kabla ya kuandika barua yoyote, mjumbe mmoja aende jikoni na kisu chenye ncha kali, pamoja na mama anayesimamia upishi. Achome mahali peusi, na pia mahali peupe ili alinganishe. Kama mbao inakataa kisu sawasawa pande zote mbili, hilo ni doa tu. Kama kisu kinazama kirahisi na mbao inameguka vipande vifupi badala ya kuchanika kwa nyuzi ndefu, hapo pameoza. Agonge pia kwa kidole. Sauti tupu kama ya ngoma, au njia za udongo kwenye miguu ya meza, ni mchwa. Unga mwepesi unaodondoka kutoka vitundu vidogo ni wadudu wanaotoboa mbao.

Apime hasa kandokando ya beseni la kuoshea vyombo, kwenye ncha za mbao, na chini ya meza. Ncha ya ubao hunywa maji kama mrija, kwa hiyo uozo huanzia hapo.

Na kama meza imefunikwa mpira au kapeti la plastiki, lifunuliwe. Hapa tuseme wazi kwamba kupigilia plastiki juu ya meza ni kosa tunalolifanya kwa nia njema. Maji hupenya kwenye kingo, hayapati njia ya kutoka, na mbao huoza polepole gizani. Misumari iliyoshikilia plastiki hiyo nayo inakuwa chuma kingine cha kutia doa: ukiing'oa utakuta kila tundu limezungukwa na duara jeusi.

Palipooza kwa kipande, seremala anaweza kukata sehemu hiyo tu kwa patasi na kutia kiraka cha mbao ya aina ile ile, nyuzi zikielekea upande mmoja, kwa gundi inayostahimili maji. Nyufa kati ya mbao zijazwe kwa kijiti chembamba cha mbao kilichogundishwa. Seremala wengi hupenda kuziba kwa unga wa mbao na gundi nyeupe ya kawaida. Kwenye kabati inafaa, lakini kwenye meza inayooshwa kila siku itatoka.

KILA DOA NA DAWA YAKE

Doa la mafuta ya kupikia na masizi hutoka kwa maji ya moto, sabuni na brashi ya nyuzi. Doa la chai, na ukungu wa kijani au wa vidoto vidogo, hupungua kwa dawa ya klorini kama Jik iliyozimuliwa kwa maji, kisha kusuuzwa vizuri. Lakini weusi wa chuma hausikii klorini hata kidogo. Watu hudhani dawa ni kidogo, wanaongeza, wanaharibu mbao na bado doa lipo.

Weusi wa chuma unataka asidi. Kamulia ndimu au limau, acha kwa nusu saa, suuza, rudia siku ya pili na ya tatu. Doa jipya hufifia sana, la zamani hupungua tu. Mafundi wa samani hutumia asidi ya oksaliki, ambayo ina nguvu zaidi na huondoa weusi huo vizuri, lakini ni sumu. Ikitumika, fundi avae glavu na kufunika macho, meza isuuzwe mara kadhaa kwa maji mengi, na chakula kisikaribie mpaka kazi yote iishe. Kwa jiko la usharika tungependa waanze na ndimu.

Tafadhali zingatieni sana jambo hili: Jik isichanganywe kamwe na ndimu, siki wala asidi nyingine yoyote. Mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu inayochoma mapafu, na jiko lenye dirisha dogo halina pa kukimbilia. Fanyeni dawa moja, suuzeni, ikauke, ndipo nyingine.

Alama ya sufuria ya moto iliyounguza mbao haina dawa zaidi ya kukwangua. Kinga yake tunayo wenyewe. Kata ya majani makavu ya mgomba, ile ile tunayobebea mzigo kichwani, ikiwekwa mezani inatosha kukalishia sufuria.

MSASA, KISHA MAFUTA

Madoa yakishafifia meza ikauke kabisa. Kwetu miezi mizuri ni Juni hadi Agosti. Kazi hii ikifanywa Aprili au Novemba, mbao zinabaki na unyevu ndani na mafuta hayashiki.

Anza na msasa namba 80, kisha 120, umalizie na 180, siku zote ukifuata mwelekeo wa nyuzi za mti. Lowesha meza kidogo kwa kitambaa, acha ikauke, utaona vinyweleo vimesimama. Pitisha tena 180. Fundi ajifunge kitambaa puani, kwani vumbi la mvule huwasha na kubana kifua. Kama meza iliwahi kupakwa rangi zamani, rangi hiyo isipigwe msasa mkavu, maana rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi. Hapo ni afadhali kugeuza ubao na kutumia upande wa chini.

Sasa tunarudi kwa yule mama na mikono yake. Mafuta yakishajaa kwenye mbao, utomvu na maji havipati pa kuingia. Lakini mafuta ya kupikia hayafai kwa kazi hii. Hayakauki vizuri, yanaganda kama ulimbo na kutoa harufu ya kuchacha. Yanayofaa ni mafuta mabichi ya kitani, ambayo maduka ya rangi huyaita linsidi. Yale yaliyochemshwa hukauka haraka, lakini mara nyingi yametiwa madini ya kukausha, kwa hiyo kwenye meza ya chakula tunapendelea mabichi. Yasipopatikana, ipo likwidi parafini ya duka la dawa, ile ya kulainisha choo. Isichanganywe na mafuta ya taa! Hiyo haikauki wala haichachi, ila hupakwa mara kwa mara zaidi. Oili chafu ya gari, ambayo wengi hupaka nguzo kuzuia mchwa, isiguse kabisa meza ya chakula.

Paka kwa kitambaa, acha dakika 20, kisha futa yote yaliyobaki juu mpaka meza ionekane kama haikupakwa. Rudia mara tatu, kila mara ukisubiri ikauke. Mafuta mabichi huchukua siku nyingi, basi msipange harusi wiki hiyo. Pakeni na upande wa chini, la sivyo ubao utapinda, na ncha zipate mara mbili ya sehemu nyingine. Mwisho, yeyusheni nta ya nyuki sehemu moja kwa mafuta yale yale sehemu tatu, katika kopo lililokalishwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, kamwe si juu ya moto wenyewe, na mpake kidogo.

Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani visikunjwe na kutupwa kwenye kona. Vikikauka vikiwa vimerundikana hupata joto na kuweza kuwaka vyenyewe bila kiberiti. Vitandazwe nje kimoja kimoja, au viloweshwe kwenye kopo la maji.

Mtauliza kuhusu vanishi. Inafaa milango ya kabati. Juu ya meza ya kukatia, kisu huipasua, maji huingia chini yake, na weusi unakuja mahali ambapo ndimu haifiki.

Wafadhili wengine huuliza kama mbao ni salama kwa chakula, au ni heri plastiki. Profesa Dean Cliver na wenzake nchini Marekani walichapisha mwaka 1994 majaribio yaliyoonyesha kwamba bakteria waliowekwa juu ya mbao walikuwa vigumu kuwapata tena baada ya muda mfupi, ilhali plastiki iliyokwisha chanjwa na visu ilikuwa ngumu kusafishwa kwa mkono. Hata hivyo nyama mbichi iwe na ubao wake peke yake, na meza ikaushwe kila jioni.

Kwa hiyo barua ya kuomba meza mpya ikija, mfadhili anaweza kuuliza bila kumvunjia mtu heshima: je, kisu kilizama? Na kamati inapopanga bajeti ya matengenezo, akina mama wanaopika waitwe kwenye kikao, wasisubiri kuletewa uamuzi. Wao ndio wanaojua kisu huachwa wapi usiku.

Baada ya hapo kazi ni ndogo. Kila mwezi mpishi adondoshe tone la maji juu ya meza kavu. Likisimama kama shanga, aendelee kupika. Likitandaa na kuzama, siku ya kupaka mafuta imefika.