Karafuu na Sumu za Vijidudu

Ndugu Wanachama,

Wengi wenu mmetuuliza kama ni kweli kuwa mafuta ya karafuu hushinda maradhi. Swali ni la haki, kwani zao ni letu. Lakini jibu lake lataka kupambanuliwa.

Kijidudu cha maradhi hakimdhuru mtu kwa kuwamo mwilini tu. Vingi hutengeneza sumu, na sumu ndiyo iumizayo. Mwaka 1959 Dr. S. N. De wa Calcutta alionyesha kuwa kijidudu cha kipindupindu hutoa sumu utumboni, nayo ndiyo imkaushayo mgonjwa maji. Kijidudu kingine, stafilokokasi, hukaa puani na katika majipu. Kikiingia katika chakula kilicholala, huacha sumu ambayo haiondoki hata chakula kikichemshwa tena, ingawa chenyewe hufa.

Dawa tulizozizoea huua vijidudu. Ubaya ni kuwa vichache visivyokufa huzaana, na mwisho dawa haifai kitu. Basi wataalamu wanatafuta njia ya pili: kukinyang'anya kijidudu silaha yake. Nyoka asiye na sumu ni nyoka bado, lakini hauui mtu.

Hapo ndipo karafuu inapoingia. Sehemu kubwa ya mafuta yake, yawe ya karafuu yenyewe au ya makonyo, ni eujenoli. Ndiyo iletayo harufu, na ndiyo itiayo ganzi jino linalouma. Utafiti uliotolewa mwaka 2010 ulionyesha kuwa eujenoli kidogo, isiyotosha kuiua stafilokokasi, huipunguzia sumu inayotengeneza. Mwaka huo huo wataalamu nchini Japani waliona jambo kama hilo kwa ukali wa pilipili na kijidudu cha kipindupindu.

Lakini hayo yalifanyika katika vyombo vya maabara, na maabara si mwili wa mtu. Mafuta ya karafuu yakinywewa, hasa na mtoto mdogo, huweza kuharibu ini. Kwa hiyo twawaomba: msiwanyweshe watoto mafuta haya, wala msiyauze kwa ahadi ya kuponya kipindupindu. Mwenye kuharisha apewe maji ya chumvi na sukari ya hospitali, apelekwe kwa daktari upesi.

Karafuu ina sifa zake za kweli, na hizo zatosha. Mnunuzi akidanganywa mara moja, hasara ni yetu sote.

Wasalaam,
Katibu